Waki si Jaa: usiku nilioshika kana nikafuata nyota

Juzi usiku tumekaa barazani, kijana mmoja jirani yetu hapa Shela akaninyooshea ile nyota nyeupe kali inayosimama upande wa kaskazini miezi hii ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini, akaniambia kwa uhakika kabisa, "Ile ndiyo nyota ya kaskazini, ukipotea baharini fuata ile tu utafika." Wallahi nilihisi baridi mgongoni. Maneno hayo hayo ndiyo niliyokuwa nimeyabeba mimi kichwani usiku mmoja mwaka 2011, na yalitupeleka mahali ambapo mashua ya Ami ilibaki kidogo tu iwe kuni. Kwa hiyo nimeona niandike, maana kumweleza mtu mmoja mmoja barazani hakutoshi, watoto wanaoanza kwenda baharini ni wengi.

Ilikuwa siku tatu hivi baada ya Idi ndogo, mwanzoni mwa Septemba. Nilikuwa na miaka 25, kazi yangu iko Mombasa, nimekuja nyumbani kwa Idi, na mimi nikija Lamu sikai ndani, naomba kwenda kuvua. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alikuwa na mashua yake ya tanga, injini hakuwa nayo wakati ule, na akivua na mwanawe ambaye ni rika langu tumekua pamoja. Tukatoka alasiri watatu, tukaenda nje kabisa, kusini mwa mlango wa Shela, mwendo wa kama saa tatu kwa tanga upepo ukiwa wa wastani. Mishipi ikala vizuri siku ile, changu, tewa, kolekole wawili wakubwa, kila tukisema turudi samaki wanavuta, mpaka jua likazama bado tumo. Mwezi ulikuwa bado mchanga, nao baadaye ukashuka magharibi ukatuacha na giza.

Saa mbili usiku ndipo tukang'oa nanga. Ami aliswali isha pale pale chomboni, halafu akaniambia hajisikii vizuri, mgongo unamuuma, atajinyoosha kidogo. Akanipa kana mkononi, ule mti wa kugeuzia usukani. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo: "Shela iko kaskazini ya hapa, kaza kaskazini, kusi likupige kisogoni, ukiona taa niamshe." Ni hayo tu. Binamu yangu alikuwa mbele anapasua samaki, na baada ya muda naye kimya, kalala juu ya kamba.

Sasa angalia kilichotokea. Ami alinipa vitu viwili, kaskazini na upepo. Upepo mimi sikuutilia maanani, nikauona ni jambo la wazee. Nikatafuta kaskazini. Simu yangu betri imekufa tangu magharibi, chombo hakina dira wala jipiesi, nikainua macho, na mbele ya omo, yaani kichwa cha chombo, pale pale, juu kidogo ya nusu ya mbingu, nyota moja nyeupe yenye ubuluu kwa mbali, kali kuliko zote za upande ule. Nikasema alhamdulillahi, hii hapa. Maana tangu shule tumesoma kwamba mabaharia wa kale walikuwa wakiongozwa na nyota ya kaskazini, na mtu yeyote akisikia hivyo anaamini nyota yenye sifa kubwa namna hiyo lazima iwe ndiyo inayong'aa kuliko zote. Hakuna aliyewahi kunionyesha kwa kidole ni ipi. Nilijionyesha mwenyewe.

Na kilichonidanganya zaidi ni kwamba saa mbili ile nyota ile kweli ilikuwa kaskazini. Kaskazini sawasawa, si karibu. Ingekuwa imekaa pembeni pengine ningeshtuka, lakini mwanzo wa safari kila kitu kilikubaliana, upepo uko kisogoni, nyota iko omoni, chombo kinakwenda polepole kwa raha. Nikaona nimejua kuendesha.

Nikawa sina kazi nyingine ila kuiweka ile nyota juu ya omo. Ikisogea kushoto kidogo nasukuma kana, omo inaifuata, imetulia. Baada ya muda tena imesogea, tena naifuata. Nikafikiri ni mimi mkono wangu unalegea au mkondo unasukuma tezi, nyuma ya chombo. Kusi lililokuwa kisogoni likaanza kunipiga nyuma ya sikio la kushoto, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema moyoni upepo umegeuka, si unajua miezi ile kusi linaanza kulegea. Yaani niliona ni rahisi kuamini upepo umehama kuliko kuamini nyota imehama. Hapo ndipo kosa lilipokaa, na nimelifikiria miaka mingi. Nilikuwa na mashahidi wawili, mmoja anang'aa na mmoja haonekani, nikamwamini anayeng'aa.

Saa nne hivi nikaona nyota nyingine kubwa ya rangi ya maziwa imetoka baharini upande wa kulia, haimetimeti, imetulia tu. Kama tungekuwa tunakwenda kaskazini ingekuwa imekaa mbele kidogo ya bega langu la kulia. Ilikuwa nyuma ya bega. Niliiona nikaipita. Taa za Shela nazo hazikuonekana, nikajua umeme umekatika, miaka ile ulikuwa ukikatika mara kwa mara mji mzima unakuwa giza, kwa hiyo hata hilo halikunitisha.

Ami aliamka peke yake. Hakuna aliyemwita. Alikuja kunieleza baadaye kwamba aliamshwa na chombo, kilivyokuwa kinalala kwa ubavu mmoja wakati mawimbi yalitakiwa yakiinue tezi na kukishusha omo. Akakaa, hakusema kitu, akageuza kichwa kama anayesikiliza, na mimi nami ndipo nikasikia: mbele yetu mawimbi yanavunjika. Sauti ile ukiisikia usiku usipoona kitu huisahau. Maji yalikuwa yanakupwa, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo, halijaisha, na mahali tulipokuwa ni mbele ya ule ufuo mrefu wa michanga, mbali huko kwa upande wa Kipungani, si mlangoni kabisa. "Geuza! Geuza omo baharini!" Binamu akaruka, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikashuka, tanga likatuangukia, nanga ikatupwa. Kamba ikakaza. Tukaelea pale tukiusikia mlio ule karibu yetu na kusi linatusukuma kuelekea huko huko.

Nilitegemea matusi. Ami alikaa akavuta pumzi, akaniuliza taratibu, "Wafuata nini, mwanangu?"

Nikamwonyesha. Nyota yangu sasa ilikuwa imeshuka kushoto, kaskazini magharibi, si juu tena kama mwanzo.

"Si ndiyo nyota ya kaskazini, Ami?"

"Ile ni Waki," akasema. "Waki si Jaa. Jaa huku kwetu haionekani, iko chini ya mai. Na wewe mato yako yalikuwa yuu tu, mai hukuyasikia."

Tulikaa pale mpaka alfajiri tukisubiri maji yajae na mwanga utoke, na usiku ule Ami alinifundisha vitu ambavyo mimi niliyezaliwa Lamu nilitakiwa niwe navijua nikiwa na miaka kumi. Akaanza na hilo la Jaa. Jaa ndiyo nyota ya kaskazini yenyewe, hiyo wanayoiita Polaris, na imekaa karibu kabisa na ncha ambayo mbingu yote inaizunguka, ndiyo maana haionekani kuhama. Lakini urefu wake kutoka ukingoni mwa bahari unalingana na umbali wako kutoka mstari wa ikweta. Ukiwa digrii kumi kaskazini mwa ikweta utaiona kama digrii kumi juu ya maji. Lamu tuko digrii mbili na kidogo kusini mwa ikweta, Malindi digrii tatu na kidogo, kwa hiyo kwetu imezama siku zote, mwaka mzima, huwezi kuiona hata ukipanda minara. Ami akiwa kijana miaka ya mwisho ya 1950 alikwenda Arabuni kwa jahazi lililopakia boriti za mikoko, akasema walipita Mogadishu, wakaenda siku kadhaa tena, ndipo nahodha akawaita vijana usiku akawaonyesha Jaa, hafifu, iko chini karibu na maji, na yeye akavunjika moyo kuona ndogo namna ile. Nami nilipokuja kusoma nikaona ni kweli, kwa mng'ao Jaa haimo hata katika nyota arobaini za kwanza, na Waki inaizidi karibu mara sita.

Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapopotezwa. Habari ya nyota ya kaskazini imetujia kutoka kwa watu wa kaskazini, wao inawafaa, wanaiona kila usiku. Sisi tumepokea habari bila ya nyota yake, kisha tukatafuta nyota ya kuibandikia habari.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lenye thamani kwangu kuliko yote. Alisema, "Nyota iliyo yuu haina ndia. Nyota ina ndia ikitoka na ikitua." Maana yake, usiulize nyota njia ikiwa imepaa, iulize ikiwa ukingoni mwa bahari. Waki ikichomoza inachomoza mahali pale pale kila siku, miaka nenda miaka rudi, kati ya kaskazini na mashariki, kama digrii 51 kutoka kaskazini, na ikizama inazama kati ya kaskazini na magharibi kwa kipimo hicho hicho. Katikati hapo inapanda, inafika kaskazini sawasawa mara moja tu kwa usiku, na haikai. Kutoka pale ilipokuwa saa mbili, baada ya saa mbili nyingine ilikuwa imeteleza digrii 30 kwenda magharibi, na baada ya saa tatu digrii 40. Na mimi nikaifuata hatua kwa hatua mpaka kwenye mawimbi.

Dira ya kale ya mabaharia wa Kiarabu imejengwa kwa msingi huo huo. Imegawanywa sehemu 32, na sehemu hizo zina majina ya nyota, upande wa mashariki kwa pale zinapotoka, matlai, na upande wa magharibi kwa pale zinapotua. Unaanza Jaa kaskazini, unateremka Farkadi, Nashi, Naka, Ayuki, Waki, Simaki, Thuraya, mpaka Tairi ambayo ndiyo mashariki yenyewe, kisha unaendelea mpaka Suheli na Kutubu huko kusini. Ami alizitaja zote gizani bila kukosea, kama mtu anayesoma sura fupi. Nilimwambia arudie, akarudia, nikashika nusu.

Halafu ikaja sehemu ambayo sitaisahau. Kama saa tano na nusu kikatoka Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, na akaniambia ule msemo wa wazee, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ile nyota ya rangi ya maziwa akasema ni Mshtarii, ile sayari, si nyota ya njia, hiyo hutangatanga, mwaka huu iko hapa mwakani iko kwingine. Tukanyamaza muda mrefu. Binamu akapika chai kwa jiko dogo la makaa tulilokuwa nalo. Ilipokaribia saa nane Ami akanigusa bega, akasema sasa tazama, usipepese. Nikatazama. Waki imefika chini kabisa kaskazini magharibi, imekuwa nyekundu kidogo kwa ukungu wa bahari, na nyuma yetu, kusini mashariki, Suheli imekwisha kutoka majini, kali mno. Moja inatua moja inapanda, karibu zikabiliane kabisa, na sisi tuko katikati. Ami akaniambia chora mstari kutoka hii mpaka ile, sasa unajua kaskazini iko wapi? Nikaonyesha kwa mkono. Akasema hapo ndipo ungeelekea tangu saa mbili.

Nikiwa nimekaa pale nililia kidogo, giza lilinistiri. Si kwa hofu. Ni kwamba mtu amelala mgongo unamuuma ameniamini na chombo chake na mwanawe, nami nimekwenda kwa uhakika nisiokuwa nao.

Alfajiri maji yalikuwa yamejaa, tukapandisha tanga, tukafuata ufuo mpaka mlangoni, na mke wa Ami alikuwa amesimama pwani. Kwa hilo sitasema zaidi.

Baada ya pale niliisaka ile nyota kama anayesaka mdeni wake. Mombasa nikaanza kusoma, baadaye nikapata programu ya nyota ya simu, nikaulizia, nikagundua Waki ndiyo hii dunia nzima inaiita Vega, na jina hilo Vega ni neno letu la huku huku limepinda, limetoka kwa Kiarabu, an-nasr al-waqi, yaani tai anayeshuka. Mwenzake ni Tairi, Altair, tai anayeruka. Wazungu walilipokea al-waqi kupitia vitabu vya Kiarabu, likafika mdomoni mwao likawa Vega. Nilifurahi sana kujua hivyo. Ami hakuwa anataja jina la kizamani lisilojulikana, alikuwa anataja jina lenyewe.

Ni nyota ya tano kwa mng'ao mbinguni kote, na kwa nusu ya kaskazini ya mbingu inapitwa na moja tu, Simaki. Iko umbali wa miaka 25 ya mwanga. Nilipoiona hiyo namba nikasimama. Mwanga ulioniingia machoni usiku ule wa 2011 ulitoka kule mwaka 1986 au hapo karibu, na 1986 ndio mwaka niliozaliwa mimi. Ulisafiri umri wangu wote. Ndiyo nyota ya kwanza kupigwa picha ukiacha jua, usiku wa tarehe 17 Julai 1850 huko Marekani kwenye chuo cha Harvard, na ilichaguliwa kwa kuwa ni kali. Mwaka 1983 setilaiti iitwayo IRAS iligundua imezungukwa na vumbi lenye joto, likawa jambo kubwa kwa wataalamu maana vumbi namna hiyo ndilo wanaloamini sayari hufinyangwa kwalo. Tena inajizungusha kwa kasi ya ajabu mpaka imebonyea, kiuno kimetoka nje, sisi tu hatuoni hilo kwa sababu tunaitazama karibu na utosini mwake.

Lakini lililonigusa ni hili. Dunia yetu inayumba kama pia ile tuliyokuwa tukichezea utotoni, ile ukiizungusha kwa uzi ikaanza kulegea inachora duara kwa kichwa. Duara moja la dunia linachukua kama miaka 26,000. Kwa hiyo ncha ya kaskazini ya mbingu haikai mahali pamoja, inatembea kutoka nyota mpaka nyota, na kiasi cha miaka 14,000 iliyopita nyota iliyokuwa karibu na ncha ni Waki. Itarudi tena hapo miaka kama 12,000 ijayo. Yaani kuna watu walioishi duniani ambao kwao Waki ilikuwa Jaa. Nilimpigia Ami simu siku hiyo hiyo nikamweleza, akanyamaza, akasema Mungu mkubwa, kisha akauliza, "Na Lamu je, ingeonekana?" Nikapiga hesabu. Ingekuwa inachungulia tu ukingoni, mara juu ya maji mara chini. Hata hiyo isingetufaa sana sisi. Kwetu Lamu ncha ya mbingu iko ukingoni mwa bahari, na hilo haliji kubadilika.

Wareno nao yaliwapata haya haya. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498 alipewa rubani anayeijua njia ya India, wakaondoka tarehe 24, na katika kumbukumbu za safari ile imeandikwa kwamba Jumapili iliyofuata waliiona tena nyota ya kaskazini waliyokuwa hawajaiona kwa muda mrefu. Kalikuti walifika tarehe 20 Mei. Watu husema rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, yule nahodha mashuhuri wa Kiarabu, wanahistoria wengi siku hizi hawalikubali hilo, mimi sina la kuongeza. Ninachokiwaza kila nikipita karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi ni zile siku tano za kwanza. Wageni wale hawana Jaa, na yule rubani wa bahari yetu anapeleka chombo bila ya wasiwasi kwa sababu anazijua nyota zinapotokea na zinapotua, na anajua kusi.

Jambo jingine ambalo nimeligundua mwenyewe kwa kutazama, halafu nikamuuliza Ami akacheka kwa furaha akasema kumbe umeanza kuona. Hii nyota ambayo watu wa huku wanaiita ya kaskazini si moja. Ukitoka nje saa tatu usiku katikati ya Agosti, kali iliyosimama kaskazini ni Waki, urefu wake karibu ngumi tano (ngumi moja ukiwa umenyoosha mkono ni kama digrii kumi). Ukitoka saa hiyo hiyo mwishoni mwa Januari, kaskazi linavuma, utaona tena nyota kali imesimama kaskazini, chini kidogo, ngumi nne, na ina umanjano. Hiyo ni Ayuki, wengine waiita Capella. Mtu asiyeangalia sana atasema ni ile ile. Nimewasikia watu wazima wakisema hivyo, "nyota ya kaskazini iko pale pale kila siku," kumbe wanazungumzia nyota mbili zinazopokezana na pepo mbili. Na miezi ya katikati, Aprili na Mei saa za usiku, hakuna hata moja kati yake iliyosimama hapo, kuna zile saba za Nashi zimening'inia kichwa chini, na mbili za pembeni zinanyooshea ardhini, kule Jaa iliko.

Ngumi zenyewe zina faida nyingine. Waki ikisimama kaskazini Lamu inafika digrii 49. Mombasa ni 47. Ukiwa Maskati inakaribia 75, juu kabisa. Ami alisema wakiwa wanarudi kutoka Arabuni walikuwa wanaona Waki inashuka usiku hata usiku, ndipo wanajua nyumbani kunakaribia. Kipimo chao kilikuwa vidole, si ngumi, ila ni hesabu ile ile.

Sasa nina miaka kadhaa nimerudi Lamu kuishi. Nikienda baharini nina simu, nina jipiesi ndogo ya mkononi, na betri ya akiba nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Sisemi mtu aache hivyo vitu. Lakini nikishika kana, kitu cha kwanza nafumba macho nihesabu mawimbi yananipiga wapi, na kitu cha pili naangalia ukingoni nini kinatoka na nini kinatua. Zile za juu nazitazama mwisho, kwa ajili ya saa.

Hilo la saa nimelipata kwa Ami miaka yake ya mwisho. Macho yalikuwa yamemwishia, haoni kitu, na alipenda kukaa darini usiku wakati wa kusi kwa sababu kuna upepo. Nikimtembelea ananiuliza, "Waki yu wapi sasa?" Mimi nanyoosha mkono napima. Usiku mmoja wa Septemba tuliongea mpaka tukasahau wakati, akaniuliza tena, nikapima, nikamwambia ngumi mbili na kidogo, upande wa kushoto.

"Saa sita yakaribia," akasema. "Nenda, mkeo angoja."

Nikatoa simu mfukoni nikatazama. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.